Mzizi Unaodai Siku 180

Asubuhi ya mwezi wa pili, nje nyuzi 22 chini ya sifuri, nilikuwa nimepiga magoti besimenti mbele ya trei ya plastiki. Ndiyo kwanza nimetoka shifti ya usiku, koti sijavua, theluji ya kwenye viatu inayeyuka na kufanya kidimbwi juu ya sakafu ya saruji. Siku ya tisa hiyo tangu nisie mbegu. Kila siku nikirudi kazini nilikuwa nashuka ngazi, nawasha taa, natazama udongo mtupu, nazima, napanda kulala. Mwanangu akaniita kutoka juu: "Mama, baba anasema chai inapoa. Na anauliza, hao watoto wako wa huko chini wameamka?"

Walikuwa wameamka wawili. Vishingo vyeupe vimejikunja kama ndoano, vichwa bado viko ndani ya mchanga.

Nimehangaika na ashwagandha, mmea ambao mzizi wake ni dawa ya Wahindi, kwa miaka mitatu, mimi mzaliwa wa Same, Tanzania, katika mji wa Minnesota, Marekani, ambako ziwa huganda mpaka watu wanapita juu yake na magari wakaenda kuvua samaki. Watu wawili watatu wameniomba niandike nilivyofanya. Nitaandika na nilivyoharibu, maana sehemu hiyo ndiyo ndefu.

Nilianza kuisikia kazini. Nafanya kazi nyumba ya kulelea wazee, na ukiingia chumba chetu cha mapumziko saa nane za usiku utadhani uko Umoja wa Mataifa: Mkenya, Mliberia, Mfilipino, Mhindi, Mtanzania, wote tumepanga foleni kwenye maikrowevu moja. Kuna dada mmoja, kwao Madhya Pradesh, katikati ya India, ambaye hakosi chupa yake ya maziwa ya moto yaliyotiwa unga wa rangi ya vumbi. Siku hiyo nilikuwa nalalamika kama kawaida yangu: nafika nyumbani mwili umekwisha, macho yanawasha, lakini usingizi hauji. Jua linapiga dirishani, kichwa kinaniambia ni mchana, na kusema kweli ni mchana. Akanimiminia kwenye kifuniko. Uchungu kidogo, kisha ladha kama ya vumbi la zizini, kisha asali ikaja kusuluhisha.

"Hiki ni nini, dada?"

"Mzizi. Kwetu unalimwa kama ninyi mnavyolima mahindi."

Hakuwa anatania. Wilaya za Neemuch na Mandsaur za kwao ndiko ashwagandha inakolimwa kwa wingi, na Neemuch kuna soko ambako magunia ya mizizi mikavu hunadiwa kama kahawa inavyonadiwa Moshi. Mimi ni mtoto wa mkulima. Nikiona kitu kinauzwa kwa gramu na kina mizizi, siulizi bei kwanza, nauliza kinaota kwenye udongo gani.

Kitaalamu mmea unaitwa Withania somnifera. Hilo neno la pili ni Kilatini, maana yake wenye kuleta usingizi, nalo ndilo lililoniteka kabisa. Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, ndiye aliyeupa mwaka 1753, ingawa aliuweka kwenye kundi jingine, na karne moja baadaye Dunal, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, akauhamishia hili la sasa. Ashwagandha lenyewe ni Kisanskriti: ashva ni farasi, gandha ni harufu. Wauza vidonge wanapenda kukuambia kwamba jina linahusu nguvu za farasi. Ngojeni mchimbe mzizi mbichi muunuse. Ni farasi aliyekimbizwa tangu asubuhi, akafungwa mahali pasipo na hewa.

Halafu kuna habari ya ukoo. Ashwagandha ni ndugu wa nyanya, viazi mviringo, bilinganya, pilipili, tumbaku, mnavu tunaokula na ndulele tunazozipiga mateke njiani. Hilo lilinipa moyo, kwa sababu nyanya nazipanda hapa kila mwaka na zinakubali. Nikasema anayemuweza dada mtu, mdogo mtu hatamshinda.

Mwaka wa kwanza mdogo mtu alinishinda vizuri sana.

Pakiti ya kwanza ya mbegu, niliyoagiza mtandaoni, haikuota hata moja. Ya pili, kutoka kwa muuzaji mwingine, niliisia moja kwa moja bustanini mwisho wa mwezi wa tano, kama ninavyosia mchicha. Mimea ikatoka, ikapendeza, ikafika magotini mwezi wa nane. Nikawa napiga picha. Wiki ya kwanza ya mwezi wa kumi, usiku mmoja, sakitu ikaanguka. Kwa msomaji wa Dar au Mombasa ambaye hajaiona: sakitu ni unyevu wa hewani unaoganda juu ya majani. Inakuja usiku mtulivu, bila upepo, bila mawingu, na asubuhi majani yote yamepakwa chumvi. Ni maridadi kwa nusu saa. Jua likishapanda, jani la kitu chochote cha nchi ya joto linageuka jeusi na kulegea kama sukumawiki iliyosahaulika kwenye sufuria. Nikachimba. Mizizi ilikuwa minene kama penseli, na mingine kama njiti ya kiberiti.

Nikampelekea dada wa kazini mzizi mmoja kwenye mfuko wa nailoni. Akaugeuza, akaniuliza kwa upole, "Ulikaa siku ngapi ardhini?" Nikahesabu kwa vidole. Mia moja na ishirini na kidogo. Akatikisa kichwa. "Huyu unamposa kabla hajavunja ungo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa napigana na adui siye. Nilidhani shida ni baridi. Baridi inaua, ndiyo, lakini inaua siku moja tu, ya mwisho. Kinachokosekana hapa ni siku zenyewe. Kule Neemuch wanasia wakati wa mvua za masika yao, mwezi wa saba au wa nane, kwenye ardhi ya kichanga ambayo mazao mengine yanaidharau. Mvua zikikatika, mmea unaachwa na shida zake, na kati ya mwezi wa kwanza na wa tatu wanang'oa. Hizo ni siku 150 hadi 180. Mimi, kati ya sakitu ya mwisho ya mwezi wa tano na ya kwanza ya mwezi wa kumi, nina siku kama 140 hadi 150 nikibahatika, na kati ya hizo kuna wiki nzima nzima ambazo udongo ni wa baridi kiasi kwamba mmea umesimama tu, haufi wala haukui. Siku ambazo mmea hausogei, mzizi hauzihesabu.

Same tunakotoka, mchana ni saa 12, leo, kesho na Krismasi. Huku latitudo ya nyuzi 45 kaskazini ya ikweta, mchana wa tarehe 21 mwezi wa sita unapita saa 15 na nusu, na ule wa mwezi wa 12 haufiki saa tisa. Kila kitu kinakuja kwa mkupuo na kuondoka kwa mkupuo. Kilimo cha huku, nilivyokielewa mimi, ni wizi wa siku. Unaiba mbele, unaiba nyuma, na mwenye mali akija kudai mwezi wa kumi, wewe umeshavuna.

Mwaka wa pili nikaanza kuiba mapema kupita kiasi. Nilisia mwezi wa kwanza, besimenti, kwenye udongo mzito wa dukani, nikamwagilia kila siku kwa mapenzi. Miche ikatoka mingi. Ikarefuka, myembamba kama uzi, ikiitafuta taa niliyoitundika mbali. Kisha asubuhi moja nikakuta safu ya mbele imelala chali. Shina limenyauka pale pale usawa wa udongo, kama limebanwa na mkasi butu. Siku ya pili safu ya pili. Aliyepita kwenye vitalu vya nyanya anaujua ugonjwa huo kwa jina, kinyausi, na anajua kwamba anayeuleta ni mwenye kitalu mwenyewe, kwa maji yake na msongamano wake. Mwaka huo niliokoa miche minne. Mume wangu akaimalizia miwili kati ya hiyo mwezi wa saba, kwa wema. Nikilala mchana yeye alikuwa anatoka na mpira, anaimwagilia ili nikiamka nifurahi. Majani yakawa ya njano, nikaongeza samadi, yakazidi kuwa ya njano. Nilipouvuta mmoja, mizizi ilitoka mkononi kama ugali mbichi. Sikumwambia kitu. Nilimwonyesha tu, naye akaenda kukunja mpira wa maji kimya kimya, akautundika gereji.

Sasa mwaka wa tatu, na hapa nitakwenda polepole.

Mbegu ni ndogo, bapa, za rangi ya manjano iliyofifia, kama mbegu za bilinganya. Nilizisia katikati ya mwezi wa pili, wiki 13 hivi kabla ya kuzitoa nje. Wengi husema wiki nane zinatosha. Kwa nyanya zinatosha. Udongo niliuchanganya mwenyewe, nusu mchanga mkavu wa mto, nusu mboji iliyochekechwa, na mbegu nikazifukia kidogo sana, kiasi cha kuzificha macho. Joto ndilo kila kitu hapo. Mbegu hizi zinataka udongo wa nyuzi 20 na zaidi, na besimenti yangu majira hayo haizidi 14, kwa hiyo trei iliwekwa juu ya mkeka wa umeme, ule wa kupashia miche, na juu yake nikatandika nailoni mpaka zilipotoka. Za kwanza siku ya tisa, kama nilivyosema. Za mwisho zilijitokeza siku ya 20, nilipokuwa nimeshakata tamaa nazo. Usimwage trei mapema.

Zilipotoka, nailoni ikaondoka siku hiyo hiyo. Taa nikaishusha mpaka ikabaki upana wa vidole vinne juu ya majani, ikawaka saa 16 kwa siku. Feni ndogo ya mezani ikawa inapepea upande. Maji nilikuwa natia chini, kwenye sinia, nayo trei inafyonza, kisha naacha mpaka udongo wa juu ugeuke rangi. Kinyausi hakikuonekana tena.

Kuzitoa nje kulikuwa kazi nyingine. Mche uliolelewa chini ya taa haulijui jua wala upepo. Watu wa hapa wana msemo wao kwamba usihamishe mche wa nchi ya joto kabla ya Siku ya Mama, ambayo Marekani ni Jumapili ya pili ya mwezi wa tano. Mimi nikawa naitoa trei saa moja kivulini, kesho yake saa mbili, kesho kutwa saa tatu na jua kidogo la asubuhi, hivyo hivyo kwa siku kumi. Siku ya sita nilitoka kazini nimechoka, nikaitoa, nikapitiwa na usingizi kwenye kochi. Nilipoamka jua lilikuwa la saa nane. Majani ya juu yalikuwa yameungua, meupe kama karatasi. Inachekesha kuona mmea wa jangwani umeunguzwa na jua la Minnesota, lakini siku hiyo sikucheka.

Udongo, kwa upande mwingine, ulikuwa umenisubiri tangu zamani. Naishi Brooklyn Park, kaskazini ya Minneapolis, na kabla nyumba hazijajengwa eneo hili lilikuwa mashamba ya viazi. Mpaka leo jiji lina sherehe yake ya kila mwaka, Tater Daze, kukumbuka viazi hivyo. Wakulima wa zamani walipanda viazi kwa sababu ardhi ni ya kichanga, inapitisha maji haraka, mzizi unashuka bila kugombana na mtu. Majirani zangu wanalalamika kwamba nyasi zao zinakauka wakiacha kumwagilia siku tatu. Mimi nilishukuru. Nikainua matuta mawili, nikayafunika kwa nailoni nyeusi wiki mbili ili yashike joto, na tarehe 22 ya mwezi wa tano nikapandikiza miche 12. Samadi sikutia. Ukiilisha sana mbolea inakupa majani, na mimi majani sikuyataka. Mahali pa nyanya za mwaka jana nilipakwepa, maana ndugu wa ukoo mmoja wanaachiana maradhi ardhini.

Wanaachiana na wadudu pia. Mashamba ya viazi yamekwenda, lakini mdudu wa viazi hakuhama. Ni mgumu, mviringo kama punje ya mahindi, manjano, na mgongoni ana mistari myeusi kumi, ndiyo maana hata jina lake la kisayansi linataja mistari kumi. Mwezi wa sita nikawakuta wanne kwenye ashwagandha, na chini ya jani kishada cha mayai ya rangi ya chungwa. Kuna pia vidudu vyeusi vidogo vinavyoruka kama viroboto, vinatoboa jani mpaka linakuwa kama chujio. Dawa yangu ilikuwa ndoo ndogo yenye maji ya sabuni na mikono yangu miwili, kila jioni kabla ya kwenda kazini. Miche 12 haihitaji zaidi ya hapo. Ningekuwa na ekari, hiyo ingekuwa hadithi nyingine.

Mpira wa maji ulibaki gereji. Nilimwagilia mara moja kwa wiki, na wiki yenye mvua sikumwagilia kabisa.

Mwezi wa nane yakaja maua. Usiyategemee kwa uzuri, ni vidude vya kijani kuelekea njano, vimejibana kwenye makwapa ya majani, unaweza kupita bila kuviona. Kinachofuata ndicho kizuri. Kila ua linavimba kuwa kifuko chembamba kama karatasi ya taa ya Kichina, na ndani ya kifuko tunda dogo jekundu, linang'aa, lingetengenezewa hereni. Watoto niliwakalisha chini nikawaambia: hili haliliwi, hata moja, hata kama mwenzako amekutania.

Jioni moja nikampigia mama Same kwa video, nikamzungusha bustanini. Nikamwonyesha mahindi, akasifu. Nyanya, akasifu. Nikafika kwenye tuta la ashwagandha, nikaanza kumweleza, dawa ya Wahindi, mama, inauzwa ghali huku, nimeilea tangu mwezi wa pili. Mama akakaribia simu mpaka nikawa naona paji la uso tu.

"Ebu shika hilo jani. Ligeuze. Lina vumbi vumbi?"

"Lina manyoya meupe, mama."

"Mwanangu." Akanyamaza kidogo. "Huo si ule wa nyuma ya banda la mbuzi?"

Nikamwambia hapana, huu ni wa India. Lakini nilipokata simu nikaenda kusoma, na kumbe mama alikuwa sahihi na mimi ndiye niliyekuwa mgeni. Withania somnifera inaota kwa hiari yake kuanzia India, Mashariki ya Kati, mpaka Afrika karibu yote yenye ukame, Kenya na Tanzania zikiwemo. Inapenda ardhi iliyovurugwa: kando ya njia, maboma yaliyohamwa, nyuma ya mabanda. Nimeupita mmea huo nikienda shule miaka saba, na pengine nimeuchapia mbuzi.

Turudi kwenye wizi. Mwisho wa mwezi wa tisa nilikuwa nahesabu: tangu kusia, siku 225; tangu kupandikiza, 130. Nilitaka nyingine 15. Utabiri ukasema usiku wa Alhamisi nyuzi moja juu ya sifuri, na mimi niko zamu. Kabla sijaondoka nilipanga madumu ya maji kati ya mimea, yale ya galoni ya maziwa, yaliyokuwa yamekaa juani kutwa. Usiku maji yanaachia joto lake taratibu. Juu nikatandika mashuka ya kitanda, nikayabana kwa mawe. Saa tisa za usiku simu ikatetema mfukoni. Mume wangu ametuma picha: yuko bustanini na tochi mdomoni, ameongeza blanketi letu la sufi, lile la harusi. Ameandika: "Sijamwagilia."

Tulifunika hivyo usiku tano. Tarehe 14 ya mwezi wa kumi utabiri ukasema nyuzi nne chini ya sifuri, na hapo nikajua mwenye mali amefika mlangoni. Miche miwili niliing'oa na udongo wake nikaitia kwenye vyungu, ikaingia ndani. Kumi iliyobaki nikaichimba.

Usiivute kwa mkono, mzizi unakatika na nusu yake inabaki. Nilitumia jembe uma, nikalizamisha mbali na shina, nikanyanyua tuta zima, kisha nikatikisa. Mzizi ulikuwa mmoja mkuu, umenyooka kama karoti mwembamba, rangi ya mchanga, urefu wa kiganja na vidole, unene wa kidole gumba kwenye shingo. Ile mingine ilikuwa na uma mbili. Niliukwaruza kwa kucha: ndani mweupe pe. Na ile harufu ikanipanda puani, farasi na jasho lake, nikacheka peke yangu kwenye baridi.

Gramu 190 mibichi. Niliiosha, nikaikata vipande vya kidole, nikaitandaza kwenye ungo karibu na bomba la hewa ya moto, wiki mbili, mpaka ikawa inavunjika kwa mlio. Ikabaki gramu 61. Kule India mkulima huvuna kama kilo 300 hadi 500 za mizizi mikavu kwa hekta, yaani kama gramu 40 kwa mita ya mraba. Matuta yangu yana mita mraba 1.8, sasa pigeni hesabu: kwa wastani huo yangetoa gramu 72. Kwa hiyo mimi, kwenye baridi yote hii, nimepungukiwa na vijiko vichache tu. Nilijisikia kama nimeshinda nanenane.

Dada wa kazini akanirudisha chini. Kwao kijiko cha unga ni kama gramu tatu kwa siku. Mimi nina gramu 61. Miaka mitatu, mkeka wa umeme, blanketi la harusi, vikombe 20.

Nimekunywa, ndiyo. Maziwa kikombe, kijiko kisichojaa, unachemsha kidogo, asali mwishoni. Nakunywa kidogo, siku ninazopumzika tu. Msinitumie ujumbe kuniuliza kama inatibu, mimi natunza wazee, si mganga. Ninachojua ni kwamba mmea huu una nguvu, na chenye nguvu kinaweza kukuumiza. Kuna watu walioumia ini baada ya kuutumia, imeandikwa kwenye majarida ya matibabu. Anayetumia dawa za tezi ya thairoidi, za usingizi au za kisukari, aongee na daktari wake kwanza. Mjamzito asiuguse. Denmark waliupiga marufuku kwenye vyakula na virutubisho mwaka 2023. Sisemi waliona sawa au walizidisha, nasema tu kwamba "ni mizizi, haina madhara" ni maneno ya mtu anayeuza. Usingizi wangu, kama mnataka ukweli, ulirudi zaidi nilipotundika pazia zito jeusi.

Ile miwili ya kwenye vyungu niliiweka dirisha la kusini. Mahali pasipo na sakitu ashwagandha haifi kwa mwaka mmoja, inaendelea, kwa hiyo nilikuwa na ndoto ya kuiba hata msimu mzima. Mwezi wa 12 mmoja ukaingiwa na utitiri mwekundu, hewa kavu ya hita inawapendeza sana, na majani yakaanza kuwa na nyuzi kama za buibui. Niliuosha bafuni kwa sabuni mara tatu, haukupona. Wa pili umebaki na majani sita na unanitazama ninavyoandika. Matunda niliyakamua kwenye chujio, nikaosha mbegu, nikazianika juu ya karatasi. Nina bahasha mbili zimejaa, moja ni ya dada wa kazini.

Jumapili iliyopita nikampigia mama. Nikamwonyesha mtungi wangu wa jamu wenye mizizi mikavu, haujafika hata nusu. Akauliza imenichukua muda gani, nikamwambia. Akasema nisikate simu. Nikaona anga, kisha dari, kisha kanga yake, kisha ardhi inatingishika. Nikasikia jembe likipiga mara tatu, nne. Simu ikainuliwa. Mkononi ameshika mzizi mnene kama mhogo mchanga, una matawi, udongo mwekundu unadondoka.

"Huu hapa. Nilikuwa nataka kupanda maharage pale, unaniziba. Nikutumie?"

Nikamwambia haiwezekani, mama, mzizi wenye udongo hawaupitishi uwanja wa ndege. Akaguna. Akautupa ndani ya banda. Mbuzi mmoja akaja, akaunusa, akapiga chafya, akaenda zake.